Ushanga wa Ukambani na Uzi Unaoushika



Katika kitabu hiki cha kila mwaka mmezoea kusoma hesabu ya fedha, habari za misaada waliyopewa wagonjwa na wafiwa, na orodha ya watoto waliolipiwa karo. Mwaka huu twaomba kurasa chache tuandike juu ya mali isiyoonekana katika daftari ya mweka hazina, nayo ni ushanga wa Ukambani, na hasa uzi ambao ushanga huo hutungwa.

Zipo sababu mbili za kuandika habari hii sasa. Ya kwanza ni kwamba masanduku ya nyanya zetu yanafunguliwa baada ya wenyewe kufariki, na vidani vilivyomo hukatwa ili shanga zipate kuuzwa moja moja, au kutungwa upya kwa namna isiyokuwa ya mwanzo. Ya pili ni kwamba vikundi vya akina mama na wasichana hapa Machakos vinafuma vidani vya kuuza, na mara nyingi mnunuzi hurudi na shanga katika kiganja kimoja na uzi uliokatika katika kiganja cha pili. Mtu aweza kudhani kwamba haya ni mambo mawili mbalimbali, kwani moja ni la wafu na moja ni la walio hai. Sisi twaona kwamba yametoka katika shina moja: tumeuheshimu ushanga kwa kuwa unang'aa, tukausahau uzi kwa kuwa haunekani. Waswahili wamesema kwamba kamba hukatikia pembamba. Basi na tuutazame huo wembamba ulivyokuwa tangu zamani.

Kuvaa shanga si jambo la jana katika nchi hii. Katika pango la Panga ya Saidi, upande wa Kilifi, wataalamu wa mambo ya kale walipata ushanga wa kombe la baharini wenye umri wa miaka 65,000 hivi, na habari zake zilitangazwa mwaka 2018. Katika Bonde la Ufa, mahali paitwapo Enkapune ya Muto, zilipatikana shanga za ganda la yai la mbuni ambazo umri wake wakadiriwa kuwa miaka 40,000 hivi. Katika kazi hizo za kale, kombe na ganda vimebaki, lakini kilichovishika kimekwisha oza na kuwa udongo. Hakuna mtu awezaye kutuonyesha uzi wa Panga ya Saidi. Twajua tu kwamba ulikuwako, kwa sababu tundu halitobolewi bure. Hili ni fundisho la kwanza, nalo latufaa hata leo: ushanga hukaa, uzi hupita, na mpango wa shanga, yaani ipi ilifuata ipi, hupita pamoja na uzi.

Shanga za kioo zilikuja baadaye kwa njia ya bahari. Kwa karne nyingi vyombo vya pepo za kusi na kaskazi vilileta shanga ndogo za kioo kutoka Bara Hindi hadi miji ya pwani yetu, na wachimbaji wa mambo ya kale wamezipata katika magofu ya Kilwa na penginepo. Kisha zikaja za Ulaya. Mafundi wa kioo wa mji wa Venice waliamriwa kuhamia kisiwa cha Murano mwaka 1291 kwa kuhofia moto wa matanuri yao kuteketeza mji. Katika karne zilizofuata wakajua ufundi wa kuvuta kioo cha moto kiwe mrija mrefu wenye uwazi katikati. Mrija huo ulikatwa vipande vidogo vidogo, na vipande vikazungushwa tena katika joto ili makali ya ncha zake yalainike. Baadaye mafundi wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, wakashindana nao, hasa katika mji wa Jablonec. Twaomba msomaji aikumbuke hiyo kazi ya kulainisha ncha, kwa maana tutairudia tutakapofika kwenye habari ya uzi kukatika.

Watu wa pwani waliziita shanga hizo kwa majina mengi. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka Zanzibar kwenda maziwa makuu kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba palikuwa na aina za shanga zipatazo 400, kila moja na jina lake, bei yake, na nchi ambayo ilipendwa. Nyekundu ndogo ziliitwa samesame, za rangi ya waridi ziliitwa gulabi, na nyeusi ziliitwa bubu. Mfanyabiashara aliyechukua rangi isiyopendwa katika nchi aliyoiendea alikuwa sawa na mtu aliyebeba mawe, kwani hakuna aliyekubali kumwuzia hata kibaba cha nafaka.

Tumeona vema kulisema hilo kwa sababu wako wanaosimulia kwamba wazee wetu walidanganywa na vipande vya kioo kama watoto. Kweli ni kwamba pembe moja ya ndovu ilipata thamani kubwa sana ilipofika Ulaya na Marekani, na faida iliyo nono ilikaa mikononi mwa wengine, hatulikani hilo. Walakini mnunuzi wa bara hakuwa mjinga. Alichagua, alikataa, alibadili mapenzi yake mwaka hata mwaka, na matajiri wa Zanzibar na viwanda vya Ulaya vilipaswa kumfuata.

Wakamba wenyewe hawakukaa vijijini mwao kungoja shanga ziletwe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, misafara yao ndiyo iliyoshika njia ya kutoka bara hadi Mombasa, na wengine wao walifanya maskani karibu na pwani, hasa baada ya njaa kuu ya mwaka 1836. Walipeleka pembe za ndovu, wakarudi na nguo, chumvi, waya wa shaba, na shanga. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai, alifuata njia hiyo mwaka 1849 mpaka kwa Kivui wa Mwendwa wa Kitui, mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote wa wakati wake, na katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, akauona mlima Kenya wenye theluji. Krapf alirudi tena mwaka 1851, na ndipo Kivui alipouawa karibu na mto Tana wakiwa safarini pamoja. Basi shanga za Ukambani ni ushahidi wa safari zetu wenyewe. Atakayesema kwamba ushanga ni kitu cha Wamasai peke yao, na kwamba Mkamba avaapo ushanga anaiga jirani, hajui habari za njia ile.

Sasa na tuje kwenye uzi. Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884, alikaa Taveta siku nyingi kabla ya kuendelea mbele, na moja ya kazi zilizomkalisha ilikuwa ni kutunga shanga zake upya. Shanga alizobeba hazikuweza kupokewa na Wamasai kama zilivyotoka dukani, ila ziwe zimetungwa katika nyuzi za urefu uliokubaliwa katika nchi hiyo. Wapagazi wakaketi chini wakatunga maelfu ya nyuzi. Twaona basi kwamba uzi ulikuwa kipimo cha biashara kama vile pishi lilivyo kipimo cha nafaka. Mtu hakuhesabu shanga, alihesabu nyuzi.

Huku kwetu uzi wa asili ulitoka katika mimea na wanyama. Mbuyu ulitoa nyuzi za gome lake, na vivyo hivyo miti mingine na vichaka vya porini ambavyo akina mama walivijua kwa majina. Konge la porini lilitoa nyuzi za majani yake kabla hata mkonge wa mashamba haujaletwa Afrika Mashariki na Richard Hindorf mwaka 1893. Mama alilichubua gome, akalilainisha, akazisokota nyuzi juu ya paja lake kwa kiganja, na kazi hiyo aliweza kuifanya akiwa njiani kwenda sokoni au ameketi akizungumza na wenzake. Ni kazi ile ile ya kiondo. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912 na kuchapisha kitabu kikubwa juu ya Wakamba mwaka 1920, aliziandika kazi hizi kwa makini, kama alivyofanya Charles Hobley kabla yake katika kitabu cha mwaka 1910. Anayejua kusokota uzi wa kiondo ana nusu ya elimu ya ushanga tayari.

Mnyama naye alitoa kano, yaani ile mishipa mikavu ya mgongoni ambayo huchanwa ikawa nyuzi nyembamba. Kano ni ngumu, hupita katika ngozi bila kuchakaa upesi, nayo ilifaa sana palipotakiwa kushona shanga juu ya nguo za ngozi. Katika Afrika Mashariki watu wametumia hata unywele wa mkia wa twiga, ambao ni mgumu na laini kwa pamoja na hauhitaji sindano.

Tena Wakamba walikuwa na kitu cha tatu ambacho majirani waliwasifia, nacho ni mkufu. Wahunzi wetu waliuvuta waya wa chuma na wa shaba ukawa mwembamba, wakatengeneza mikufu ya vipete vidogo mno. Vidani vingi vya zamani vya Ukambani vilichanganya ushanga na mkufu. Hii haikuwa kwa urembo tu. Mkufu ulibeba uzito, na uzi ukabaki na kazi ya kuzipanga shanga. Fundi aliyefanya hivyo alijua kwamba uzi mmoja hauwezi kufanya kazi mbili kwa miaka mingi.

Iliyobaki ni nta. Ukambani ni nchi ya nyuki, na mizinga ya magogo katika miti yetu inajulikana tangu zamani. Uzi uliopitishwa katika nta ya nyuki hulala vizuri, nywele zake hazisimami, unyevu hauingii upesi, wala hausuguani sana na kioo. Mafundi wa ushanga wa nchi za ng'ambo hutumia nta ya nyuki hadi leo, nao huinunua kwa fedha. Sisi tuko nayo nyumbani, na wasichana wetu wengi hawajui kwamba ina kazi hiyo.

Mabadiliko makubwa yalikuja pamoja na boma. Kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial British East Africa Company iliweka kituo Machakos mwaka 1889, katika nchi ya mzee Masaku ambaye mji umechukua jina lake, na kwa miaka kumi mji wetu ulikuwa makao makuu ya utawala wa bara. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi bila kupitia hapa, na serikali ikahamia huko. Mwaka 1901 ikatangazwa kodi ya nyumba. Kwa hiyo ushanga ulipoteza kazi yake ya kuwa fedha, kwani kodi haikulipwa kwa samesame. Ulibaki kuwa pambo peke yake, na pambo hutegemea mapenzi ya watu.

Maduka nayo yalileta sindano ya chuma na uzi wa pamba. Hapana shaka kwamba sindano nyembamba ilirahisisha kazi, maana shanga ndogo sana ziliweza kufumwa sasa kwa safu zilizobanana. Uzi wa pamba ulikuwa mlaini na ulipokea nta vizuri, na bei yake ilikuwa rahisi kuliko taabu ya kuchubua gome. Lakini pamba hula jasho na mafuta ya mwili, na ikikaa sandukuni katika unyevu huingia kuvu na kuoza. Ndiyo sababu kidani kilichotungwa kwa pamba na kuvaliwa miaka mingi hukatika chenyewe mtu akikiinua tu.

Hatuna budi kulitaja na jambo la dini, ijapokuwa twajua kwamba baadhi ya wazee wetu watalisoma kwa uzito. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Nzaui mwaka 1895 wakiongozwa na Peter Cameron Scott, na madhehebu mengine yakafuata. Watu wengi walioingia shule na kanisa katika miaka ile waliacha shanga pamoja na ngozi, wakavaa shati na rinda. Kwao ilikuwa ni alama ya maisha mapya, nasi hatuwacheki, kwa maana ndio waliotujengea shule. Lakini matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi elimu ya ushanga ilikaa kwa wale ambao hawakusoma, na wale waliosoma hawakuiandika. Leo makanisa yenyewe yanaona binti za waumini wakivaa kidani cha ushanga siku ya harusi bila mtu kusema neno. Ugomvi umekwisha, kilichobaki ni pengo.

Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont huko Marekani, na baada ya Vita Vikuu vya pili ikaenea dunia nzima. Kwa mfuma shanga uzi huu ulikuwa neema, kwa sababu hauozi. Lakini kila uzi una ugonjwa wake. Nailoni hunyumbuka: kidani kilichobana leo huonyesha uwazi kati ya shanga baada ya miezi kadhaa. Jua kali nalo huidhoofisha. Ule uzi mmoja mnene wa wavuvi, unaouzwa katika kila soko na kupendwa na wengi kwa kuwa hauhitaji sindano, ndio unaoleta malalamiko mengi kuliko wote. Hujikunja kama ulivyokuwa katika kigurudumu chake, hukifanya kidani kisimame shingoni kama ubao, hukauka juani na kuwa mwepesi kuvunjika, na fundo lake huteleza. Siku hizi uko uzi mwingine wa wavuvi, uliosukwa kwa nyuzi nyembamba mno za plastiki ya polithini. Huo ni wenye nguvu sana na haunyumbuki, lakini huteleza ukifungwa, na mkasi butu hauukati sawasawa. Uko pia uzi wa poliesta, ambao hustahimili jua kuliko nailoni.

Basi mtu achague uzi gani? Twaandika kwa ajili ya wakuu wa vikundi, wapate kuwasomea wanachama wao.

Kwanza, autazame ushanga kabla ya uzi. Shanga ndogo hupewa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ushanga unavyokuwa mdogo. Ushanga wa namba 11 una upana wa milimita 2 hivi, na wa namba 8 una milimita 3 hivi. Auguse ukingo wa tundu. Shanga zisizolainishwa vizuri katika joto huwa na makali, na makali hayo ndiyo kisu kinachokata uzi usiku na mchana kila mvaaji anapotembea. Shanga za namna hiyo zikataliwe, hata bei yake ikiwa chini, au zitengwe kwa kazi ya waya. Tena aziloweshe chache na kuzisugua katika kitambaa cheupe. Zikitoa rangi, zitachafua nguo ya mnunuzi na jina la kikundi.

Pili, ahesabu mapito. Katika kutunga kwa kawaida uzi hupita mara moja katika kila ushanga. Katika kufuma, safu juu ya safu, uzi hurudi katika tundu lile lile mara mbili, mara tatu, na mahali pa kumalizia hata mara nne. Uzi unaojaza tundu katika pito la kwanza hautapita katika la pili, na mfumaji akiulazimisha ushanga hupasuka. Kwa hiyo uzi wa kufuma uwe mwembamba kiasi cha kupita mara nne pamoja na sindano, na nguvu ipatikane kwa wingi wa mapito, si kwa unene wa uzi mmoja. Hivi ndivyo nyuzi nyingi nyembamba za gome zilivyofanya kamba moja ya kiondo.

Tatu, aupime uzi wenyewe. Auvute kwa mikono miwili kabla ya kuanza, ili unyumbuke wote sasa badala ya kunyumbuka shingoni mwa mnunuzi. Aupitishe katika nta mara mbili. Akate kipande cha urefu wa mikono yake miwili ikinyoshwa, si zaidi, kwa maana uzi mrefu husuguliwa mara nyingi na kuchakaa kabla ya kazi kwisha.

Nne, aangalie mlalo. Kidani kizuri hulala kifuani kama nguo. Mfumaji akikaza sana, kidani huwa kigumu na uzi hukatwa na shanga unapokunjwa. Akilegeza sana, uzi huonekana na kunasa. Rangi ya uzi nayo ina maana, kwa sababu shanga nyingi hupenya mwanga, na uzi mweusi ndani ya ushanga wa manjano huufanya uwe kama umetiwa moshi.

Tano, mwisho wa uzi usiachwe kwenye fundo moja. Uzi urudishwe ndani ya kazi kwa safu kadhaa, ukate kona, ndipo ukatwe. Wengine huchoma ncha ya nailoni kwa moto. Hilo lafaa kwa uangalifu, lakini donge gumu linalobaki laweza kusugua uzi wa jirani, na uzi wa polithini huyeyuka kwa joto dogo ukaharibu yote.

Huenda mzee mmoja akauliza: je, haya ni mambo ya kujadiliwa na chama cha kusaidiana? Twajibu kwa mfano anaoujua kila mtu wa Machakos. Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya kwanza, vya mwaka 1914 hadi 1918, akajifunza kuchonga vinyago, na aliporudi akaanzisha kazi ambayo imelisha na kusomesha nyumba nyingi za Wamunyu, na baadaye ikafika Mombasa na Nairobi. Mfano wa pili ni kiondo, ambacho kilitafutwa sana na wageni, kisha viondo vya kuiga vilivyotengenezwa Asia kwa mashine vikaingia sokoni kwa bei ya chini. Kinachomwokoa fundi dhidi ya mashine ni kitu kimoja tu, yaani kazi inayodumu na kutambulikana. Kidani kinachokatika katika mwezi wa kwanza hakimkoseshi mfumaji wake peke yake. Kinamkosesha pia jirani yake afumaye vizuri, kwa kuwa mnunuzi hajui majina yao. Ajua tu kwamba kimetoka Machakos.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mapendekezo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, vikundi vinunue uzi pamoja kama mwethya ulivyofanya kazi ya mashamba pamoja. Uzi mzuri ukinunuliwa kwa wingi huwa na bei nafuu, na kwa kawaida gharama yake katika kidani kimoja ni ndogo kuliko ya shanga. Anayepunguza gharama kwenye uzi anaokoa senti na kupoteza shilingi.

La pili, kila nyumba yenye kidani cha zamani isikikate. Kama uzi umeoza, kidani kilazwe juu ya kitambaa, kipigwe picha, na mpango wake uandikwe safu kwa safu, rangi kwa rangi, ndipo kitungwe upya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vitu vingi vya Ukambani vilichukuliwa zamani na kuwekwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Huko vina namba na maandishi, na hapa vilivyobaki havina hata jina la aliyevivaa. Andikeni jina lake.

La tatu, akina nyanya ambao bado wanajua kusokota uzi wa gome na kutambua vichaka vyake waalikwe kuwafundisha wasichana wakati wa likizo za shule. Hatusemi kwamba kila kidani kirudi kwenye uzi wa mbuyu. Twasema kwamba binti aliyesokota uzi kwa mkono wake atajua, akiingia dukani, anachopaswa kuuliza.

Wazee wetu ndio wanaojua ni nyumba zipi zenye vidani vya zamani, na akina nyanya gani bado wanasokota. Twaomba majina hayo yaletwe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu ujao, ili kazi ianze wakati wenye elimu hii wangali pamoja nasi.